Ua la Rosalina

Mwanamke yule alipoingia uani kwa Mwasiti binti Issa, kila aliyekuwapo alidhani amebeba mtoto mgongoni.

Ilikuwa masika ya mwaka sitini na tano. Vita vilikuwa vimepamba moto ng'ambo ya Ruvuma, na pale Nakitope, bondeni ambako mto unaanza kuchanganyika na maji ya chumvi, watu walikwisha zoea kuamka na kukuta wageni wamekaa upenuni, wamelowa, hawana la kusema. Waliokuwa na ndugu upande huu walikwenda kwa ndugu zao. Wengine serikali iliwapeleka kambini. Huyu hakuwa na ndugu, na habari za kambi hakutaka kuzisikia. Alisimama karibu na kinu, mwembamba, chale za Kimakonde zimejipanga mashavuni, kanga imekaza mzigo mgongoni, na mvua inamdondoka puani.

Mwasiti alikuwa mjane wa miaka arobaini hivi. Alikuwa na jaruba la mpunga, mikorosho michache, binti mmoja aliyekuwa akikua, na mdomo ambao kijiji kizima kiliuogopa. Lakini hakuwa mtu wa kumwacha mwenziwe kwenye mvua.

"Mteremshe mtoto, mwenzangu," alimwambia kwa Kimakonde. "Atapata baridi."

Mgeni alizidi kukaza fundo la kanga.

"Mbona halii?"

Wanawake waliokuwa wakitwanga waliacha michi. Waliwahi kuona jambo hilo mwezi uliotangulia: mama amevuka na mtoto aliyekwisha kufa tangu ng'ambo, na hataki kuambiwa. Mwasiti alimzunguka taratibu, akasema bismillahi, akafungua fundo la kanga.

Ndani palikuwa na kaniki iliyorowa, maganda ya mgomba, bonge la udongo lenye mizizi, na majani matatu. Moja lilikuwa limevunjika. Mawili yaliyosalia yalikuwa mapana kuliko kiganja cha mtu mzima, yamechongoka mfano wa jani la tambuu, lakini mazito, ya kijani cha giza, laini kama mahameli, na mishipa yake ilikuwa myeupe kama mtu ameichora kwa chokaa.

"Ua?" Mwasiti alishangaa. "Umevuka mto na ua?"

"Ni la mwanangu," mgeni alisema. Ndipo alipokaa chini.

Jina lake lilikuwa Yustina. Alitoka kijiji kimoja nje ya Palma, na kwa miaka kadhaa alikuwa akifua na kupiga pasi nyumbani kwa Mreno mmoja wa forodha. Mke wa yule Mreno alipenda mimea. Huu mmoja aliletewa kwa meli kutoka nchi ya mbali yenye misitu, ambayo Yustina hakuweza kuitaja jina, naye aliulea ndani ya nyumba kama anayeuguza mgonjwa. Haukupigwa na jua, haukupigwa na upepo, na majani yake yalipanguswa kwa kitambaa chenye maji. Yustina alikuwa akienda kazini na bintiye mdogo, Rosalina, na kazi aliyoipenda yule mtoto ni hiyo ya kupangusa. Siku mama yule alipoligawa ua lake, kipande kimoja chenye mizizi alimpa mtoto. "Hili lako," alimwambia. Rosalina alilibeba njia nzima mpaka nyumbani, akakataa kusaidiwa.

Siku askari wa Wareno walipokuja kuchoma nyumba, Rosalina hakuwepo. Baba yake, Filipo, alikuwa amemchukua kwenda kumsalimu bibi yake, kijiji cha upande wa kusini. Yustina alikuwa shambani. Aliona moshi, akajitupa msituni, na aliporudi hakukuta nyumba. Kilichosalia ni lile ua nyuma ya bafu, penye unyevu, ambako moto haukufika. Njia ya kusini ilikuwa imejaa askari. Aliling'oa, akalifunga mgongoni, akafuata watu waliokuwa wakikimbilia mtoni.

"Sikuweza kuondoka mikono mitupu," alimwambia Mwasiti. "Filipo ni mwepesi. Atavuka naye. Atakuja huku huku."

"Basi kaa mpaka aje," Mwasiti alisema.

Alikaa miaka tisa.

Mwanzoni ua lilikaribia kufa. Yustina alilipanda nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha bafu, kama lilivyokuwa kwao, akawa analimwagilia maji ya kisima. Baada ya muda mfupi majani yalianza kuungua ukingoni, yakawa ya kahawia kama karatasi iliyokaribia moto. Jani moja likaanguka. Yustina alikuwa akiamka, anachuchumaa mbele yake, na hali chochote mpaka jua liwe kali.

Mwasiti alivumilia, kisha akashindwa.

"Maji ya kisima hiki yana chumvi," alisema. "Sisi wenyewe yanatukausha midomo. Unalinywesha chumvi halafu unalililia."

Kuanzia siku ile alitega mitungi chini ya makuti, ikakinga maji ya mvua. Udongo wa pale nao ulikuwa mzito, unashika maji kama unga uliokandwa, na mizizi ikaanza kuoza. Mwasiti alileta makumbi ya nazi kutoka kwenye tope la hori, ule mkono wa bahari uingiao bondeni, ambako wanawake huyaloweka ili wasokote kamba, na hilo nalo likawa kosa, kwa sababu tope la hori ni la chumvi. Akaleta mengine makavu, akayachambua, akayaosha kwa maji ya mvua, akayachanganya na vipande vya mkaa na majani ya mikorosho yaliyooza. Waliyajaza yote kwenye chungu kilichovunjika mdomo, wakalihamishia ua humo. Wakati wote huo Mwasiti alikuwa akinung'unika kwamba hajapata kuona watu wawili wazima wakipika chakula cha ua.

Jani jipya lilipotokeza, Yustina aliita kwa sauti ambayo Mwasiti hakuwahi kuisikia kwake. Alitoka jikoni mbio akidhani ni nyoka. Lilikuwa jani limeviringika kama sigara, rangi ya shaba, linang'aa. Kila walipokuja kulitazama lilikuwa limefunguka kidogo zaidi, jembamba, jekundu, unaona mwanga upande wa pili.

"Kama sikio la mtoto mchanga," Mwasiti alisema, akajuta papo hapo.

Lakini Yustina alitabasamu. "Rosalina alikuwa nayo hivyo," alisema. "Masikio makubwa. Baba yake alikuwa akimtania."

Watu wa Nakitope waliliita mahameli, wakawa wanakuja kulitazama kama wanavyokwenda kumtazama mtoto mchanga. Walisubiri lichanue. Lilipochanua, kilichotoka kilikuwa kitu chembamba cha kijani kilichosimama peke yake, na kijiji kikacheka: ua zima, tunda la kazi yote ile, ni mkia wa panya! Yustina naye alicheka. Alikuwa na kicheko cha kujizuia, mkono mdomoni, mabega yakitikisika. Mke wa Mreno, alisema, alikuwa akiikata hiyo mikia na kuitupa. Uzuri wa ua lile ulikuwa kwenye majani.

Maisha yao yalishikana kidogo kidogo, pasipo yeyote kuamua. Walilima pamoja, walivuna pamoja. Ijumaa Mwasiti alivaa kanga safi, Jumapili Yustina alikaa uani na rozari yake, na kila mmoja alimnyamazia mwenziwe. Wakati wa mfungo Yustina aliwahi kuamka kumpikia Mwasiti uji wa daku. Alimwita dada. Kila siku alfajiri, kabla ya moto jikoni, alikuwa nyuma ya nyumba na kitambaa chake, akipangusa jani moja baada ya jingine, mkono mmoja umelishika kwa chini ili lisivunjike. Wadudu weupe kama unga walipolivamia aliwatoa mmoja mmoja kwa kijiti chenye maji ya sabuni. Kusi ilipovuma alilizungushia ukuta wa makuti. Kiangazi mitungi ilipokauka alipanda kilimani mpaka kwenye chemchemi, akateremka na mtungi wa ua peke yake, mbali na ule wa kupikia.

Na kila walipofika watu wapya kutoka ng'ambo, alikwenda kuuliza. Filipo, fundi wa kuezeka, mrefu, ana kovu kidevuni. Yuko na mtoto wa kike. Watu walitikisa kichwa. Siku moja mtu alimwambia amemwona Filipo wa namna hiyo kambini, huko Lindi, na mtoto yuko naye. Yustina aliondoka siku ile ile. Ua alimwachia Mwasiti, na maelekezo marefu kuliko anayopewa yaya.

Mwasiti alilitunza kwa hofu. Hakumwambia mtu, lakini alikuwa akiliamkia: "Umelalaje? Mama yako anakuja." Alipomwona Yustina anarudi na njia, peke yake, hakuhitaji kuuliza. Yule Filipo alikuwa Filipo mwingine. Yustina aliweka kifurushi chake mlangoni, akapita moja kwa moja nyuma ya nyumba, akachuchumaa. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alisema tu, "Umelitunza, dada. Ahsante."

Waligombana kweli mara moja tu. Ilikuwa mwaka Somoe, binti wa Mwasiti, alipoolewa na kijana wa Mikindani. Wakwe walikuwa watu wa mjini, nyumba yao ya mawe, na Mwasiti hakutaka bintiye aonekane ametoka porini. Sinia la mambo ya bibi harusi lilipokuwa linapangwa, asumini na vikuba vya maua na udi, aliona linakosa kitu. Yustina alikuwa shambani. Mwasiti alichukua kisu akakata jani kubwa kuliko yote, akalitandika katikati ya sinia. Lilipendeza. Kule Mikindani wanawake walilipitisha mkono kwa mkono, wakaulizana limetoka wapi.

Mwasiti aliporudi, Yustina alikuwa amekaa upenuni na kitambaa kikavu mkononi.

"Umemkata mwanangu," alisema.

"Ni jani, Yustina. Yako mengine, na jingine litatoka."

"Wewe mwanao umemwoza. Unajua analala wapi leo."

Mwasiti, mwenye jibu kwa kila mtu, aliingia ndani kuvua kanga ya harusi. Wakakaa nyumba moja kama wapangaji, huyu akipika huyu hali, mpaka Mwasiti alipoona hawezi tena. Alikwenda nyuma ya nyumba asubuhi, akachuchumaa kando ya mwenziwe, akashika kitambaa kingine, akaanza kupangusa jani la upande wake. Walipomaliza, Yustina alisema, "Hapo katikati umepasahau," na Mwasiti akapangusa hapo katikati.

Baadaye Yustina alijaribu kuligawa, ili Mwasiti awe na lake. Kile kipande kilinyauka. Akajaribu tena masika yaliyofuata, kikanyauka tena. Pale Nakitope lilikuwa ua la kukaa peke yake.

Mwaka sabini na tatu, kiangazi, ikatoka amri ya kuhamia vijiji vipya. Ya bondeni iliwahi kuliko mahali pengine, maana mto ulikuwa mpaka na vita vilikuwa jirani. Mabomu yalikwisha sikika karibu, na mtu mmoja wa kijiji cha pili alikatika mguu shambani mwake. Wapo waliofurahi kuondoka. Mgambo walikuja na lori, wakasema kila nyumba ichukue inachoweza, na makuti ya mapaa yakashushwa ili asirudi mtu.

Yustina alipanda lori na chungu mapajani. Mwasiti alibeba vinu, vyungu, kuku na mkoba wa nguo za wote wawili, na safari hii hakunung'unika. Alimkinga mwenziwe upande wa upepo kwa mkeka. Hata hivyo, walipofika majani mawili yalikuwa yamechanika vipande vipande.

Kijiji kipya kilikuwa juu kando ya barabara, mahali palipofyekwa pakawa peupe. Mchanga mwekundu, viwanja vimepimwa kwa kamba, na hakuna mti uliobakizwa. Jua lilikuwa linapiga kichwani kama jembe. Maji yalikuwa mbali. Kila nyumba ilionyeshwa kiwanja chake na kuambiwa ijenge.

Yustina alianza na kibanda cha ua. Alisimamisha miti minne, akaezeka makuti mara mbili, akakizungushia nyasi pande zote. Balozi wa nyumba kumi, mzee aitwaye Hassani, alipita akasimama.

"Binti, watu wanajenga nyumba. Wewe unajenga nini?"

"Kivuli, mzee."

"Cha nani?"

Yustina aliendelea kufunga nyasi. Mzee Hassani alichungulia ndani, akaona, akatikisa kichwa. Lakini hakuwa mtu mbaya. Alikwenda zake bila kuamuru kivunjwe, na kesho yake alileta mzigo wa nyasi akautua hapo.

Mpaka nyumba yao iliposimama, Yustina alilala kwenye kile kibanda. Mwasiti alilala chini ya mkeka ulioegemezwa kwenye kinu. Hewa ya huko juu ilikuwa kavu, na majani yalizidi kupauka, yakipoteza ule ulaini wake, mishipa myeupe ikawa ya njano. Yustina alirowesha magunia akayatundika ndani ya kibanda ili pawe na unyevu. Maji aliyafuata mbali, na njaa ya mwaka ule ilipoingia, watu wakila mihogo michungu iliyolowekwa, yeye bado alikuwa akiyafuata. Mwasiti alianza kuona kwamba kata ya maji ya mwisho mtungini haimfikii Yustina.

"Kunywa," alimwambia.

"Nimekunywa."

"Hujanywa. Nakuona."

"Dada, mimi naweza kungoja. Hili haliwezi."

Kikohozi kilianza kabla ya mvua. Mvua iliponyesha ua lilipata nafuu, likatoa jani moja dogo jekundu, lakini Yustina alizidi kukonda. Pale zahanati ya jirani walimpa dawa za kikohozi, wakasema apelekwe hospitali Mtwara. Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, malori hayapiti. Walingoja barabara ikauke. Mwasiti alimlaza karibu na mlango, kutoka hapo aliweza kukiona kibanda. Asubuhi alimbebea chungu ndani, na Yustina alipangusa akiwa amelala ubavu, jani moja, anapumzika, halafu jingine. Ilifika siku alipangusa moja tu, na kitambaa kikamwanguka.

"Akija," alisema.

"Nitamwambia."

"Mwambie nililiweka kwa ajili yake. Kila siku. Usimwambie nilikuwa naugua."

"Utamwambia mwenyewe."

Yustina alimtazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni Mwasiti.

Alifariki katikati ya masika ya mwaka sabini na nne. Wanawake wa Kiislamu ndio waliomwosha, kwa kuwa hao ndio waliokuwapo, na Mwasiti alimfunika kwa kanga yake mwenyewe ambayo haijafuliwa bado hata mara moja. Kasiani, katekista wa kijiji cha mbele, alikuja kwa miguu kwenye matope, akasali juu ya kaburi, na wanaume wenye kofia na wasio na kofia wakatupa udongo pamoja. Watu walipotawanyika Mwasiti alirudi nyumbani, akaosha kitambaa, akapangusa majani. Hakujua afanye nini kingine.

Miezi michache baadaye vita vilikwisha. Redio ilitangaza, watu wakapiga vigelegele, na wale waliokuja na mvua ya mwaka sitini na tano wakaanza kufunga mizigo. Mwasiti alisimama barabarani kama alivyokuwa akisimama Yustina. Kila aliyekuwa akirudi ng'ambo alimpa maneno yale yale: Filipo, fundi wa kuezeka, kovu kidevuni, binti yake Rosalina, sasa mkubwa, waambieni Yustina alikuwa kwa Mwasiti binti Issa mpaka alipofariki. Wengi waliahidi. Baadhi yao waliyafikisha.

Rosalina alikuja kiangazi cha sabini na tano, wakati ng'ambo wamekwisha pata uhuru wao. Alikuja na shangazi yake, mama mzee asiyesema sana. Alikuwa msichana wa miaka kumi na minne au kumi na mitano, mrefu, amefunga kilemba. Mwasiti alimtambua kabla hajajitaja.

"Shikamoo mama," msichana alisema. "Tumeambiwa mama yangu anakaa hapa."

Kumbe waliopeleka habari hawakuwa na moyo wa kuimaliza. Mwasiti alimshika mkono, akamkalisha mkekani, na akamwambia. Rosalina hakupiga kelele. Alifungua kilemba chake akajifunika uso, na shangazi yake akaanza kulia kwa niaba ya wote watatu.

Filipo naye alikufa. Alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya wapiganaji mwaka wa pili wa vita, na hakurudi. Mtoto alilelewa na bibi, msituni, wakihama hama. Walikuwa wameambiwa kwamba Yustina aliungua na nyumba. Miaka yote ile hawakuwa wakimtafuta, kwa sababu walikwisha mwombea.

Baada ya kutoka makaburini Mwasiti aliwapeleka kwenye kibanda. Alikuwa amelipangusa ua asubuhi ile bila kujua kuna mgeni. Majani yalikuwa matano, si makubwa kama ya bondeni, lakini mazima. Alikaa kando ili msichana aone vizuri.

"Hili lako," alisema.

Rosalina alilitazama. "Zuri," alisema kwa adabu.

"Ulipewa na mke wa Mreno. Ulilibeba mwenyewe mpaka nyumbani, hukutaka kusaidiwa. Ulikuwa ukiyapangusa majani."

Msichana alijitahidi. Mwasiti alimwona akijitahidi, ameinamisha kichwa, anatafuta.

"Silikumbuki," alisema hatimaye. "Namkumbuka mbwa. Tulikuwa na mbwa mweupe mlangoni. Na sauti ya pasi, ile mkaa unapolia ndani. Ua silikumbuki, mama. Nisamehe."

"Huna kosa. Ulikuwa mdogo."

"Ndilo alilokuwa nalo siku zote?"

"Kila siku."

Rosalina aligusa jani moja kwa ncha ya kidole, akaondoa mkono haraka, kama mtu anayegusa kitu cha wenyewe. Kisha akageuka. "Alikuwa anachekaje?" aliuliza.

Mwasiti alidhani hakusikia vizuri.

"Mama yangu. Sura yake imeniponyoka. Shangazi anasema alikuwa anacheka vizuri. Alikuwa anachekaje?"

Basi Mwasiti akamwonyesha, mkono mdomoni, mabega yakitikisika, mpaka mwenyewe akawa hajui kama anacheka au analia. Walikaa siku tatu. Msichana hakurudi tena kwenye kibanda. Alikaa jikoni akiuliza. Alipenda kula nini? Alikuwa mkali? Aliimba? Alilala upande gani? Mwasiti alisema kila alichokuwa nacho. Alimwambia habari za sinia la harusi pia. Kuhusu ugonjwa alisema haukuwa mrefu.

Siku ya kuondoka Mwasiti alikwisha lifunga ua, mizizi imezungushiwa makumbi yaliyorowa. Shangazi alimtazama Rosalina, na Rosalina akautazama mzigo. Njia ilikuwa ndefu, nyumba yao ng'ambo ilikuwa bado haijaezekwa, na walikuwa na mbegu za mpunga za kubeba.

"Mama mkubwa," alisema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Nikilichukua litakufa kwangu. Sitaki life mkononi mwangu. Nipe rozari yake."

Mwasiti alimpa rozari na ile kanga aliyokuja nayo Yustina. Aliwasindikiza mpaka njia panda. Aliporudi alilifungua ua, akalirudisha chunguni, akalimwagia maji.

Aliendelea kulitunza, lakini mkono wake ulikuwa mzito. Zamani hata alipochoka alijua analiwekea mtu. Kiangazi kilikuwa kirefu. Somoe alipojifungua Mikindani, Mwasiti alikwenda kumlea mzazi, akawaomba majirani walitazame ua, nao walilitazama kama watu wanavyotazama kitu kisicho chao. Arobaini ilipokwisha alirejea, akakuta kibanda kimeinama upande na chungu kina udongo mkavu uliopasuka. Shina lilikuwa limelainika. Alichimba kwa vidole akitafuta mzizi mzima, akachimba mpaka chini, hakupata.

Mzee Hassani alipita akamkuta amekaa pale.

"Pole," alisema. Hakuwa anatania.

"Ahsante, mzee."

Kibanda kilivunjwa, miti ikawa kuni. Rosalina alituma salamu mara moja kupitia kwa wachuuzi wa samaki: hajambo, bibi yake amefariki, nyumba imeezekwa. Baada ya hapo hakukuwa na habari, na Mwasiti hakujua kama ni habari zimekosa njia au msichana amechoka kukumbuka.

Somoe alikuja kumchukua. Nyumba ya Mikindani ina nafasi, alisema, na mjukuu anamtaka bibi yake. Mwasiti aliahidi kwenda baada ya kulima. Mwaka wa pili aliahidi tena.

"Mama," Somoe alimwambia, "huku unamngojea nani?"

"Simngoji mtu," Mwasiti alijibu. "Lakini nikiondoka mimi, hakuna mtu hapa anayemjua Yustina."

Somoe akamsaidia kumenya mihogo. Jioni gari la Mtwara lilipopita alipanda peke yake na mtoto mgongoni, na Mwasiti akasimama kando ya barabara mpaka vumbi likatua.